Majeraha ya Moyo kwa Watoto wa Vita: Usalama Kwanza, Maneno Baadaye

Maneno yaliyotolewa na afisa wetu wa kazi za vijijini mbele ya walimu, familia zinazopokea watoto na wajumbe wa kamati za amani, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini.

  

Nimeombwa niseme juu ya watoto na vijana wetu waliojeruhiwa moyoni na vita. Hatuzungumzi juu ya watu wa mbali. Tangu mwaka 1996 sehemu hii ya nchi yetu imeona vita juu ya vita. Wengine wetu tulikimbilia Tanzania, tukakaa Nyarugusu au Lugufu. Wengine tulilala porini. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule 1996 leo ni mzazi mwenye watoto wake. Mwaka 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, familia nyingi zilikimbia tena, na watoto wakaona yale ambayo wazazi wao waliyaona utotoni.

Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: mtoto huyu akifika darasani kwako, au mezani pako, utamfanyia nini?

Jeraha lisilotoa damu

Mtoto akivunjika mguu, sote tunaona. Hakuna mwalimu atakayemwamuru akimbie, wala mama atakayemtuma kuchota maji. Lakini mtoto aliyeumia moyoni ana miguu mizima na macho mazima. Tunamwona hasikii, anapiga wenzake, anatoroka shule, anakojoa kitandani akiwa na miaka 12, basi tunampa majina. Tunasema ni mkaidi, ni mvivu, ana pepo. Mahali pengine wanasema ni mchawi.

Wataalamu huliita jeraha hili kiwewe. Linatokea pale ambapo jambo la kutisha linazidi nguvu za mtoto, naye hana mtu mkubwa wa kumkinga au kumtuliza. Inaweza kuwa kuona mzazi akiuawa, kubakwa, kutekwa, kupigwa mara kwa mara, kulazimishwa kuua, au kupotezana na familia wakati wa kukimbia.

Lakini tuelewane vizuri. Si kila mtoto aliyeona vita ana ugonjwa. Wengi wanaogopa, wanalia, wanaota ndoto mbaya kwa siku au wiki kadhaa, halafu wanatulia wakipata usalama, watu wanaowapenda na ratiba ya kawaida ya maisha. Tusimwite kila mtoto aliyekimbia mgonjwa. Tuwaangalie hasa wale ambao dalili zao zinaendelea zaidi ya mwezi mmoja, au zinawazuia kula, kulala, kucheza na kusoma.

Kwa nini anashtuka?

Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukoja tu wa jani la mkindu, wa kusukia mkeka. Lakini mwili wa yule aliyeumwa hausubiri kuchunguza. Unaruka kwanza.

Hivyo ndivyo ubongo ulivyo. Ndani yake kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Kengele ikilia, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia miguuni na mikononi. Mtu yuko tayari kupigana au kukimbia, na akishindwa yote mawili anaganda kama jiwe. Mungu alituumba hivyo ili tuokoke. Shida ni kwamba kwa mtoto aliyeishi muda mrefu katika hatari, kengele hiyo inalia hata pasipo hatari. Na inapolia, ile sehemu ya ubongo ya kufikiri, kuhesabu na kukumbuka somo inafanya kazi vibaya. Ndiyo maana kumpigia mtoto kelele wakati huo, "Fikiri! Fikiri!", hakusaidii kitu.

Nitoe mfano mmoja. Sitataja jina wala kijiji. Kijana wa miaka 14 alikuwa ametoka katika kikundi chenye silaha, akarudi shuleni. Alikuwa mtulivu, lakini kila saa ya michezo alikimbia hadi nje ya uwanja, na siku moja alimpiga mwenzake aliyejaribu kumshika. Mwalimu alitaka afukuzwe. Tulipokaa pamoja na mama aliyempokea, ikajulikana kwamba kule porini firimbi ilikuwa ishara ya kukusanyika, na aliyechelewa alichapwa. Mwalimu yule, kwa hekima yake, hakumwuliza kijana maswali mengi. Aliacha firimbi, akaanza kupiga makofi. Kukimbia kuliisha baada ya muda.

Firimbi ile ndiyo iliyokuwa ung'ongo wake. Kwa mwingine ni mlango unaofungwa kwa nguvu, harufu ya moshi, mtu aliyevaa sare, au mtu mkubwa anayemkaribia kutoka nyuma.

Dalili hubadilika kwa umri

Watoto wadogo, chini ya miaka 6, hawana maneno ya kueleza. Wanamng'ang'ania mama, wanarudi kukojoa kitandani, wanasahau maneno waliyokuwa wamejifunza. Wengine wanarudia mchezo uleule, kukimbia na kufa, kukimbia na kufa.

Walio shule ya msingi mara nyingi hulalamika tumbo na kichwa bila ugonjwa kuonekana. Hawakazi akili darasani. Wanajiona wenye hatia, wakisema moyoni, "Kama ningemwita baba mapema, asingeuawa."

Vijana wanaficha. Hasira, pombe, bangi, kujitupa katika hatari, au kukaa kimya siku nzima. Kijana anaweza kusema hana haja ya shule, kwa sababu haoni kama atafika miaka 20. Na hapa ndipo wenye bunduki wanapomkuta tena.

Msimlazimishe kusimulia

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo ningependa mlibebe nyumbani hata kama mtasahau mengine yote.

Watu wengi wenye nia njema wanaamini kwamba mtoto akisimulia yote atapona mara moja, kama jipu linalopasuliwa. Kwa hiyo anaulizwa na mwalimu, kisha na mchungaji, kisha na jirani, kisha na afisa wa shirika mwenye karatasi, kisha na mgeni mwenye kamera. Kila mmoja anataka habari tangu mwanzo. Na kila mara kengele ile inalia upya, halafu anayeuliza anaondoka, na mtoto anabaki na usiku wake.

Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, pamoja na mashirika mengine, una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hausemi "hoji". Unasema wazi kwamba mtu asisukumwe kueleza yaliyompata. Mtazame ana haja gani: chakula, nguo, mahali pa kulala, ndugu aliyepotea. Msikilize akitaka kusema. Muunganishe na familia yake na huduma anazohitaji.

Je, hii ni kusema kwamba mtoto asiseme kamwe? Hapana. Yako matibabu ambamo kusimulia kuna nafasi yake, kwa mpango, hatua kwa hatua, pamoja na mtu aliyefundishwa na ambaye atarudi tena wiki ijayo. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Beni, Kivu ya Kaskazini, pamoja na wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 waliodhulumiwa kingono. Waliopata mikutano 15 ya kikundi walipungukiwa sana na dalili zao kuliko waliokuwa bado wakingoja zamu yao. Tuseme wazi, mikutano hiyo ilikuwa kazi ya subira na mafunzo. Haifanani na maswali ya dakika 20 mbele ya wageni.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika mlio hapa, hili ni letu pia. Mtoto si ushahidi wa kazi yetu. Mgeni akija na kutaka "kumsikia mmoja wao", tuwe na ujasiri wa kumwonyesha madarasa, mashamba na vyerehani, na kumwacha mtoto acheze.

Na ikiwa mtoto mwenyewe ataanza kusema, labda usiku mnapochambua mboga, fanya hivi. Acha unachofanya au endelea polepole, kama anaona aibu kutazamwa. Msikilize bila kumkatiza. Usimwulize "ilikuwaje hasa?" Usimwambie "sahau" wala "wengine waliona makubwa kuliko wewe". Mwambie: "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Mimi nipo." Usitangaze habari yake mtaani. Lakini usimwahidi siri ambayo hutaweza kuitunza, kwa mfano kama bado kuna mtu anayemdhuru.

Shuleni: mambo yasiyo na gharama

Ninajua mwalimu atasema, "Nina wanafunzi 60 na zaidi katika darasa moja, na mshahara hauji. Nitaweza wapi kuwa muganga wa roho?" Ni haki kuuliza hivyo. Hatukuombi uwe muganga. Tunakuomba mambo ambayo yanasaidia watoto wote 60 kwa mara moja.

Kwanza, siku iwe na utaratibu unaojulikana. Andika ubaoni asubuhi masomo ya siku. Kama kuna badiliko, litangaze mapema. Mtoto aliyeishi bila kujua kesho italeta nini anatulia akijua kinachofuata.

Pili, usimkaribie kutoka nyuma wala kumshika ghafla. Sema jina lake kwanza. Kama anapenda kukaa karibu na mlango, mwache akae hapo. Mkubalieni ishara, ili akiona moyo unaenda mbio atoke nje kidogo na kurudi bila kuchekwa.

Tatu, wafundishe wote kupumua. Vuta pumzi polepole kama unayenusa samaki jikoni, halafu itoe polepole zaidi kama unayepuliza makaa bila kurusha majivu. Mara tano tu. Kisha kila mmoja ataje vitu vitano anavyoviona darasani. Mwili unaelewa kwamba uko hapa, leo, si kule porini.

Nne, fimbo. Ninajua tulilelewa nayo. Lakini kwa mtoto huyu fimbo haifundishi hesabu, inamrudisha kule alikotoka. Hatusemi nidhamu ife. Sheria za darasa ziwe chache, zijulikane na wote, na zimhusu kila mmoja sawasawa. Aliyevunja dawati asaidie kulitengeneza. Aliyemwumiza mwenzake atafute njia ya kumrudishia heshima. Hiyo ni nidhamu, tena ni ngumu kuliko fimbo.

Tano, tusimwite tena "kadogo", hata kwa mzaha. Jina hilo lilienea wakati wa vita vya 1996, na kila anayemwita hivyo anamvisha tena sare aliyoivua.

Nyumbani: sahani moja

Wamama na wababa wanaopokea watoto, ninyi ndio mnaofanya sehemu kubwa ya kazi hii. Mtoto anatazama mambo madogo. Je, anakula sahani moja na wenzake? Anafanya kazi sawa nao, au yeye tu ndiye anayetumwa usiku? Ukisafiri, unamwambia siku ya kurudi, na unarudi siku hiyo?

Mama mmoja alipokea msichana aliyekataa kulala ndani. Kila usiku alitoka na kukaa chini ya mwembe. Mama hakumvuta kwa nguvu. Alitandika mkeka wake karibu na mlango, akaacha mlango wazi kidogo na taa ikiwaka, naye akalala hatua chache kutoka hapo. Usiku baada ya usiku mkeka wa msichana ukasogea. Ilichukua wiki nyingi. Kilichomsaidia ni kupewa nafasi ya kuchagua, kwa sababu kule alikotoka hakuna jambo hata moja alilochagua mwenyewe.

Tusiwasahau wasichana

Tunaposema watoto waliotoka katika vikundi, mawazo yanakwenda kwa wavulana wenye bunduki. Wasichana wapo pia. Walipika, walibeba mizigo, walipigana, wengi walifanywa wake za watu kwa nguvu. Wengi wanarudi usiku kimyakimya bila kupita katika mipango ya kuwapokea, kwa kuwa wanaogopa kujulikana. Ripoti ya shirika la Child Soldiers International ya mwaka 2017, iliyotokana na mazungumzo na wasichana wa mashariki mwa Kongo, ilionyesha jinsi kukataliwa na jamaa na majirani kulivyowaumiza, na jinsi walivyotamani kurudi shuleni. Na anayerudi na mtoto mgongoni, mtoto yule hana kosa. Tusimtungie jina la kikundi cha baba yake.

Tena jambo la haraka: aliyebakwa afikishwe kituo cha afya au hospitali ndani ya saa 72. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Saa hizo zikipita bado aende, kwa sababu kuna msaada mwingine anaohitaji, lakini dawa ile itakuwa imechelewa. Mapatano ya familia hayatangulii mbele ya dawa.

Wakati wa kutafuta msaada zaidi

Mpeleke mtoto kwa muuguzi, au kwa mshauri wa kisaikolojia kama yupo katika eneo lenu, ukiona anasema anataka kufa au anajiumiza, hali kabisa, anaanguka na kupoteza fahamu, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au dalili zinazidi badala ya kupungua. Usimfungie ndani, usimnyime chakula kwa siku nyingi ili "pepo litoke". Sala ni nzuri, na mchungaji au shehe anaweza kuwa rafiki mkubwa wa mtoto. Lakini sala haikatazi dawa. Na kumshtaki mtoto uchawi ni kosa mbele ya Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Sheria hiyohiyo inakataza kumwingiza yeyote aliye chini ya miaka 18 jeshini au katika kikundi chenye silaha.

Na wale waliopoteza watu wao?

Swali hili huulizwa kila mahali, hata kama leo hakuna aliyelisema kwa sauti. "Mtoto huyu alikuwa katika kikundi kilichomwua mwanangu. Mnataka nimpokee kwa nyimbo?"

Hatuwezi kumwambia mama huyo anyamaze. Naye ana jeraha. Tunachoweza kumwambia ni kwamba mtoto hakuamua vita. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika kikundi chake kule Ituri na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Aliyesimama mbele ya waamuzi ni mtu mkubwa aliyewatumia. Watoto walihesabiwa kuwa waliotendewa ubaya.

Kamati za amani, hapa ndipo kazi yenu. Msisubiri mtoto afike ndipo mzungumze. Zitembeleeni familia zenye uchungu kabla. Wasikilizeni bila kuwadai msamaha kwa tarehe fulani. Ombeni jambo moja tu la kuanzia: mtoto asipigwe, asitukanwe, asizuiwe kisimani. Mengine huja polepole, au hayaji, lakini huo ni mwanzo ambao wote wawili wanaweza kuishi nao.

Nchini Sierra Leone watafiti walioongozwa na Theresa Betancourt walianza mwaka 2002 kuwafuatilia vijana waliotoka vitani, wakaendelea nao kwa miaka mingi. Waliona kwamba yaliyompata kijana vitani hayakuamua peke yake maisha yake ya baadaye. Yale aliyoyakuta aliporudi, kukubaliwa au kutengwa, kusoma au kukosa shule, yalikuwa na uzito mkubwa. Yale ya porini hatuwezi kuyafuta. Haya ya kurudi yako mikononi mwetu.

Mwisho, ninyi pia mliona vita. Mwalimu anayefundisha huku yeye mwenyewe halali usiku hawezi kuendelea hivyo peke yake. Kutaneni wawili watatu kila wiki, mzungumze, mcheke, mpeane zamu. Na mnapoona mtoto fulani anawazidi, semeni mapema.

Kwa wiki hii ninawaomba kazi moja. Kila mmoja amchague mtoto mmoja tu ambaye amezoea kumwita mkaidi. Kwa siku saba amtazame ni saa gani anabadilika, na kabla ya saa hiyo kulitokea nini. Asimwulize kitu. Tutakapokutana tena, tutaanzia hapo.